Maji ya Polepole: Hasara ambayo Bima ya Nyumba Hailipi Mkoani Mara

Tarehe 1 Oktoba 2019, kipimo cha maji cha Jinja nchini Uganda, mahali Ziwa Victoria linapomwaga maji yake katika Mto Nile, kilionyesha mita 12.00. Tarehe 30 Aprili 2020 kilionyesha mita 13.32. Katikati ya Mei kikafika mita 13.42, na rekodi ya Mei 1964, mita 13.41, ikavunjwa baada ya miaka 56. Rekodi hiyo mpya nayo haikukaa sana: Mei 2024 ziwa lilipanda na kuipita.

Kwa wenye nyumba za ufukweni kuzunguka ziwa lote, Musoma ikiwamo, tarakimu hizo zilikuwa mashamba yaliyogeuka kinamasi, vyoo vya shimo vilivyofurika na nyumba zilizohamwa. Lakini piga hesabu kidogo. Mita 1.32 kwa miezi saba ni wastani wa milimita 6 kwa siku, karibu unene wa penseli. Hakuna usiku ambao ziwa liliruka ukuta na kuingia sebuleni. Lilisogea huku mwenye nyumba akiliona, wiki baada ya wiki.

Hapo ndipo penye tatizo kwa anayeitegemea bima. Hati za bima ya nyumba zinazouzwa nchini Tanzania, nyingi zikiwa zimefuata mikataba ya Uingereza, zimeandikwa kwa ajili ya hasara ya ghafla isiyotarajiwa: moto, radi, dhoruba, bomba lililopasuka. Maji yanayokuja polepole, kwa tundu la msumari, kwa msingi unaonyonya unyevu, kwa koki inayodondosha miezi mitatu, huachwa nje. Na hayo ndiyo yanayokula nyumba za Musoma, Bunda na Butiama mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo mwenye nyumba wa Mara aanze na fundi ndipo amfuate wakala wa bima. Anayegeuza mpangilio huo hulipia karatasi ambayo siku ya shida haitamsaidia.

Ziwa na mita 60

Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, na kiasi cha asilimia 80 ya maji yanayoliingia ni mvua inayonyesha moja kwa moja juu yake. Mito yote, Kagera, Nzoia, Mara, Grumeti na mingineyo, huchangia sehemu iliyobaki. Mlango wa kutokea ni mmoja tu, wa Jinja. Mvua zikizidi, maji hayana pa kukimbilia haraka. Baada ya mvua kubwa za mwishoni mwa 1961 ziwa lilipanda zaidi ya mita 2 kufikia 1964, na likakaa juu ya usawa wake wa zamani kwa miongo kadhaa.

Mwaka 2006 lilikuwa limeshuka sana na kuacha ufukwe mpana mkavu. Aliyenunua kiwanja ufukweni wakati huo alionyeshwa ardhi, lakini sehemu ya ardhi hiyo ilikuwa ni ziwa lililoondoka kwa muda. Ndiyo maana anayetaka kiwanja Makoko, Mwigobero au kokote kando ya Ghuba ya Mara asiridhike na kile anachokiona siku ya kukabidhiwa. Amtafute mzee wa mtaa aliyekuwa na akili zake mwaka 1964 amwonyeshe maji yalifika wapi. Kisha awaulize majirani alama za 2020 na 2024. Mstari wa juu kuliko yote ndio ukingo wa kujengea.

Sheria nayo ina neno lake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa, mto au bwawa. Nyumba iliyomo ndani ya mita hizo ina matatizo mawili kwa pamoja: kibali chake cha ujenzi ni cha mashaka, na kampuni ya bima ina haki ya kuuliza umbali huo kabla ya kuikubali. Mwenye nyumba akidanganya kwenye fomu, ameshajiandikia sababu ya madai yake kukataliwa.

Tena ziwa haliingii kwa juu tu. Linapopanda, maji ya chini ya ardhi hupanda nalo, hata mbali na ufukwe. Shimo la maji taka lililokuwa likinyonya vizuri huanza kujaa kila wiki. Ukuta hulowa kuanzia sakafuni, rangi inabambuka, na chumvi nyeupe inatokeza kama unga kwenye plasta. Mikataba mingi ya bima yenye kipengele cha mafuriko huondoa waziwazi hasara inayosababishwa na kupanda kwa maji ya chini ya ardhi pekee. Mwenye nyumba anasema ni ziwa. Kampuni inasema ni unyevu. Anayeshinda hapo ni aliyesoma tafsiri ya neno "mafuriko" kwenye hati yake kabla ya kutia saini.

Paa: lita 4,800 kwa jioni moja

Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Nyumba yenye paa la mita za mraba 120 ikipigwa na mvua ya milimita 40, jambo la kawaida katika jioni moja ya masika, huteremsha lita 4,800. Ni karibu kujaza simtanki la lita 5,000. Nyumba isiyo na gata humwaga maji yote hayo mguuni mwa ukuta wake, msimu baada ya msimu.

Bati lenyewe lina mambo ambayo mnunuzi huambiwa nusu. Namba ya geji ikiwa kubwa, bati ni jembamba zaidi: geji 32 ni jepesi kuliko geji 30, na geji 30 ni jepesi kuliko geji 28. Bei nafuu ya geji 32 hulipwa baadaye, upepo wa ziwani unapoanza kulitikisa na matundu ya misumari kupanuka. Msumari wa bati una mpira chini ya kofia yake. Jua la Mara huukausha mpira huo ukapasuka, na tundu likabaki wazi. Msumari unapaswa kupigwa kwenye mgongo wa bati, sehemu iliyoinuka, kwa sababu maji hupita bondeni. Fundi aliyepiga bondeni ili amalize haraka ameacha uvujaji wa miaka kumi.

Kisha kuna mtindo mpya wa kuficha paa nyuma ya kuta ndefu ili nyumba ionekane bapa. Unapendeza kwa macho, na siku hizi unaonekana mijini kote. Lakini paa la kufichwa huwa na mwinuko mdogo, na maji yake yote huelekezwa kwenye mfereji mmoja wa ndani kati ya bati na ukuta. Jani la mwembe, kiota cha ndege au mfuko wa plastiki ukiziba tundu la kutolea maji, mfereji hujaa, na maji hayana njia nyingine isipokuwa kurudi ndani, juu ya dari. Anayeupenda mtindo huo aweke matundu mawili ya kutolea maji badala ya moja, aongeze bomba la dharura la kumwaga nje mfereji unapojaa, na apande kuusafisha kabla ya kila msimu wa mvua. Asiyeweza kupanda na hana wa kumpandisha, ajenge paa la kawaida lenye mwinuko na upenu wa kutosha nje ya kuta.

Kwa upande wa bima, paa ndilo linaloonyesha vizuri tofauti ya maji mawili. Dhoruba ikiezua mabati matatu usiku na mvua ikaharibu dari, godoro na televisheni, hilo ni tukio la ghafla na hati yenye kipengele cha dhoruba hulilipa. Mvua ikipita kwenye tundu la msumari lililokuwapo tangu mwaka juzi, au kwenye dirisha lililoachwa wazi, hailipwi. Mtathmini wa hasara akipanda juu ya dari huangalia mbao. Mbao iliyolowa jana ina rangi yake, na mbao iliyolowa miaka mitatu ina madoa meusi na kuoza. Hilo halifichiki kwa maneno.

Msingi: udongo wa mbuga na mawe ya Butiama

Mji wa Bunda umekaa chini ya Mlima Balili, na kutoka hapo ardhi inateremka kuelekea tambarare za Ghuba ya Speke na lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti. Mji wa namna hiyo hupata maji ya aina mbili: yale yanayoteremka mlimani kwa kasi wakati wa mvua, na yale yanayotuama tambarare baada ya mvua kukatika.

Tambarare kuna udongo mweusi wa mbuga. Ukilowa, huvimba, ukikauka, husinyaa na kupasuka nyufa za kuingiza mkono. Nyumba iliyojengwa juu yake kwa msingi mfupi hupanda na kushuka pamoja nao, na dalili yake ni nyufa za mshazari zinazoanzia kwenye pembe za madirisha na milango. Dawa ni kuchimba hadi kuupita udongo huo na kufika kwenye ardhi ngumu, au kuuondoa na kujaza kifusi kilichoshindiliwa, kisha kufunga msingi kwa mkanda wa zege yenye nondo. Ni gharama kubwa mwanzoni. Lakini nyufa za aina hiyo bima haizilipi, kwa kuwa kutitia kwa ardhi na kasoro za ujenzi ni miongoni mwa mambo ya kwanza kuondolewa kwenye mikataba.

Butiama hali ni tofauti. Ni nchi ya miinuko na mawe makubwa, na Mwitongo, nyumbani kwa Mwalimu Nyerere, ni mfano mzuri wa makazi yaliyowekwa juu, penye mwamba, ambako maji hayana nafasi ya kutuama. Viwanja vya siku hizi hufuata barabara, umeme na bomba, na mara nyingi huangukia kwenye mteremko au kwenye njia ya zamani ya maji. Anayejenga mteremkoni achimbe mtaro wa kukinga upande wa juu wa nyumba, maji yapite pembeni badala ya kugonga ukuta wa nyuma. Kazi hiyo ni ya jembe na siku chache, na hulinda kuliko saruji nyingi.

Kwa nyumba zote tatu, ya Musoma, ya Bunda na ya Butiama, mambo manne ya msingi hayabadiliki. Sakafu iinuliwe angalau sentimita 45 juu ya ardhi. Kati ya msingi na ukuta itandazwe nailoni ya kuzuia unyevu, ile mafundi wanayoiita DPC, kwa sababu tofali, la kuchoma au la saruji, hunyonya maji. Nje kuzunguka nyumba kumwagwe ukanda wa zege wa upana wa mita 1 unaoinamia nje. Na maji ya gata yaelekezwe kwenye tangi au mtaro, yasiachwe kumwagika kwenye kona ya nyumba. DPC ndiyo inayorukwa zaidi, kwa sababu haionekani nyumba ikishakamilika, na ndiyo isiyoweza kurudishwa bila kuvunja.

Bomba, mgao na simtanki

Miradi ya maji imeongezeka mkoani, ukiwamo ule wa Mugango, Kiabakari na Butiama unaochota maji ziwani na kuyapeleka bara. Ni neema. Lakini maji yanapofika ndani ya nyumba kwa bomba, huja na hatari ambayo nyumba ya ndoo haikuwa nayo.

Kisa cha kawaida ni cha mgao. Maji yamekatika mchana, mtoto amefungua koki, hakuna kilichotoka, akaiacha wazi. Saa nane usiku maji yanarudi kwa nguvu, watu wamelala au wamesafiri. Asubuhi sebule ni bwawa. Kinga yake ni ya bure: koki kuu baada ya mita ifungwe kila nyumba inapoachwa, na kila mtu wa nyumbani, mgeni na dada wa kazi, aonyeshwe ilipo na namna ya kuifunga. Inashangaza ni nyumba ngapi ambazo hata baba mwenye nyumba hajui koki hiyo iko wapi.

Simtanki la lita 5,000 likijaa lina uzito wa tani 5. Mnara wake ujengwe na fundi anayejua uzito huo, na usisimamishwe juu ya udongo wa mbuga bila msingi wake wenyewe. Boya linalofunga maji tangi linapojaa huchoka. Likishindwa, tangi hufurika usiku kucha na kuloanisha msingi wa nyumba iliyo jirani yake. Bomba la kumwagia ziada lielekezwe mbali na ukuta, mahali ambapo likimwaga litaonekana.

Uvujaji uliofichika ukutani una kipimo chake rahisi. Usiku, baada ya kila mtu kumaliza, funga koki zote na uandike tarakimu za mita. Usitumie maji hadi asubuhi, kisha soma tena. Mita ikiwa imesogea, kuna mahali panavuja, na kwa kuwa ni baada ya mita, bili na matengenezo ni vyako. Kampuni ya bima italipa bomba lililopasuka ghafla na uharibifu uliofuata. Bomba lililodondosha kwa miezi hadi ukuta ukaota ukungu halilipi.

Bima inalipa nini hasa

Bima ya nyumba ina sehemu tatu, na kila moja hununuliwa kwa thamani yake. Ya kwanza ni jengo: kuta, paa, milango, mabomba yaliyofungwa. Ya pili ni vitu vya ndani: samani, nguo, vyombo, vifaa vya umeme. Ya tatu ni dhima, yaani hasara unayomsababishia mtu mwingine, kwa mfano mnara wako wa tangi ukiangukia nyumba ya jirani. Mpangaji asidhani bima ya mwenye nyumba inamhusu. Ile hulinda jengo. Godoro na friji la mpangaji ni juu ya mpangaji mwenyewe.

Bidhaa ya kawaida huanza na moto na radi, kisha huongezewa majanga mengine: dhoruba, mafuriko, kupasuka kwa mabomba na matangi. Neno la kuangalia ni "huongezewa". Anayenunua bima ya moto tupu kwa sababu ni rahisi, hana mafuriko. Hata anayenunua iliyoongezewa, atakuta uzio na geti mara nyingi vimeondolewa kwenye hasara ya dhoruba, na nyumba iliyoachwa tupu kwa muda, kwa kawaida siku 30 au zaidi, imepoteza sehemu ya ulinzi wake. Hilo linawahusu sana wana Mara wanaoishi Mwanza, Dar es Salaam au nje ya nchi, wenye nyumba nzuri nyumbani isiyo na mtu ila mlinzi.

Aina ya jengo nayo huhesabiwa. Kampuni hupenda kuta za matofali au zege na paa la bati, vigae au zege. Nyumba ya udongo au ya nyasi hukataliwa au hutozwa zaidi. Na nyumba ya kuishi yenye fremu za biashara mbele, kama zilivyo nyingi kando ya barabara kuu inayopita Bunda, si nyumba ya kuishi tu machoni pa bima. Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 ililazimisha bima kwa masoko ya umma, majengo ya biashara, bidhaa zinazoingia nchini, vyombo vya majini na vivuko. Nyumba ya kuishi haikuguswa, lakini mwenye fremu aitaje matumizi yake waziwazi. Mkataba wa bima husimama juu ya ukweli wa anayekatiwa, na kuficha jambo kubwa huuvunja.

Mwenye mkopo wa nyumba benki kwa kawaida ana bima tayari, kwa kuwa benki huidai. Asilale kwa hilo. Benki huandikwa kama mnufaika wa kwanza, na bima hiyo mara nyingi hulinda jengo bila vitu vilivyomo. Aombe nakala ya hati aisome.

Hesabu inayowaangusha wengi

Kuna kanuni moja inayowaangusha hata wasomi: kanuni ya wastani. Tuchukue mfano. Nyumba ambayo kuijenga upya leo kungegharimu shilingi milioni 80 imekatiwa bima kwa milioni 40, ili ada iwe ndogo. Dhoruba inaezua paa. Hasara ni milioni 10. Mwenye nyumba anatarajia milioni 10, kwa sababu ziko ndani ya milioni 40. Kampuni inamlipa milioni 5. Alikatia nusu ya thamani, kwa hiyo kwa kila hasara atalipwa nusu, na nusu nyingine ataibeba mwenyewe. Kutoka kwenye hizo milioni 5 hupunguzwa tena kile kiasi cha kwanza cha kila hasara ambacho mkataba humwachia mteja.

Kosa la upande wa pili ni kukata bima kwa bei ya soko pamoja na kiwanja. Kiwanja cha Mukendo, mjini Musoma, kina bei kubwa, lakini kiwanja hakiungui wala hakiezuliwi. Kinachokatiwa bima ni gharama ya kujenga upya: vifaa, ufundi, kuondoa kifusi. Mthamini aliyesajiliwa hutoa tarakimu hiyo kwa maandishi, na bei ya saruji na nondo ikipanda, tarakimu hiyo ipandishwe wakati wa kuhuisha bima.

Je, ada ni mzigo? Kwa hesabu ya mfano tu, kampuni ikitoza asilimia 0.25 ya thamani, nyumba ya milioni 60 italipiwa shilingi 150,000 kwa mwaka, kabla ya kodi ya ongezeko la thamani. Viwango hutofautiana, kwa hiyo omba bei kwa kampuni tatu, na unapolinganisha bei linganisha pia yaliyoondolewa. Ulinzi hauanzi mpaka ada imelipwa, hata kama fomu umeshajaza na wakala ameahidi.

Hata hivyo wengi hawakati. Ada zote za bima nchini ni takriban asilimia 2 ya pato la taifa, na lengo la serikali ni kufika asilimia 5 ifikapo mwaka 2030. Sehemu kubwa ya ada hizo ni ya magari, afya, maisha na biashara. Nyumba ya mwananchi wa kawaida imebaki mikononi mwa Mungu, ndugu na serikali. Tope la Mlima Hanang lilipofunika sehemu ya mji wa Katesh tarehe 3 Desemba 2023, serikali na wahisani waliwajengea waathirika nyumba. Janga kubwa linaloonekana na nchi nzima hupata msaada. Paa moja lililoezuliwa Kiabakari usiku wa Jumanne halipati mkutano wa waandishi wa habari.

Siku maji yanapoingia

Kwanza zima umeme kwenye swichi kuu, na usiikaribie ikiwa umesimama majini. Funga koki kuu. Watoe watoto na wazee. Kisha, kabla ya kuanza kuzoa, piga picha: paa, dari, kuta, kila kitu kilicholowa, na alama ya maji ukutani. Ijulishe kampuni au wakala siku hiyohiyo na uandike tarehe na saa, kwa kuwa kila hati ina kikomo chake cha kutoa taarifa.

Hatua inayofuata inachanganya watu. Una wajibu wa kuzuia hasara isiongezeke: funika paa kwa turubai, anika godoro, toa maji. Lakini usitupe vilivyoharibika wala usifanye matengenezo makubwa kabla mtathmini hajafika. Tunza risiti za turubai na za kibarua. Risiti na picha za vitu vya ndani zinapaswa kuwapo kabla ya janga, zimehifadhiwa kwenye simu na kwa ndugu mmoja wa mji mwingine. Hati ya kiwanja, kibali cha ujenzi na hati ya bima zikae kwenye mfuko usiopitisha maji, juu ya kabati. Chini ya kitanda ndipo maji yanapofika kwanza.

Ukilipwa kidogo au ukikataliwa, dai sababu kwa maandishi na kipengele cha mkataba kilichotumika. Usitie saini karatasi ya kumaliza madai kabla hujaielewa, kwa sababu ikishasainiwa, mlango umefungwa. Usiporidhika, peleka malalamiko Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, iliyopo kwa Sheria ya Bima ya mwaka 2009 na yenye ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza. Ipo pia Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima kwa mteja asiyetaka kuanzia mahakamani. Na kabla ya kulipa ada yoyote, hakikisha wakala au dalali amesajiliwa na TIRA na hati yako imo kwenye mfumo wake wa TIRAMIS. Karatasi yenye mhuri mzuri haitoshi.

Nani akate, nani asubiri

Si kila nyumba ya Mara inahitaji bima kesho asubuhi. Nyumba inayovuja paa, isiyo na gata, yenye ukuta unaolowa kila masika, mwenye nayo ana matumizi bora ya shilingi 150,000: kubadili misumari, kufunga gata upande mmoja, kuchimba mtaro. Bima haitamlipa kwa hayo, na hata dhoruba ikija, mtathmini atabishana naye paa lilikuwa katika hali gani. Fedha za matengenezo hayo zinaweza kukusanywa kikobani kama zinavyokusanywa za ada za shule.

Nyumba iliyo imara, iliyojengwa kwa akiba ya miaka au kwa mkopo, iliyo nje ya mita 60, ambayo mwenyewe hawezi kuijenga tena akiipoteza, hiyo ikatiwe bima, tena kwa thamani kamili na kwa majanga yote ya maji yanayouzwa. Nusu bima kwa nyumba kama hiyo ni hasara iliyopangwa.

Mkoa huu una misimu miwili ya mvua: vuli kuanzia Oktoba na masika kuanzia Machi. Kwa hiyo Septemba na Februari ni miezi ya kupanda juu ya paa, kusafisha gata na mitaro, kupima mita usiku mmoja na kusoma tena hati ya bima. Mwenye nyumba asiyeweza kusoma lugha ya mkataba wake amtake wakala amweleze kwa Kiswahili, kipengele kwa kipengele, na kwa maandishi, hasa ukurasa wa yale yasiyolipwa. Wakala asiyekubali kufanya hivyo hastahili ada yako, tafuta mwingine.